Kura mbili za maoni, mwezi mmoja, majibu mawili: Wamarekani wanasemaje kuhusu kuchunguzwa bila kibali cha hakimu?

*"Naishi Marekani mwaka wa kumi na mbili sasa, na uraia nimeshapata. Juzi tulibishana na mdogo wangu wa kiume hadi chakula kikapoa. Yeye anasema Wamarekani wengi hawaoni tatizo serikali ikichunguza simu zao bila kibali cha hakimu. Mimi nikasema wengi wanapinga. Kila mmoja akatoa kura yake ya maoni, na zote mbili ni za Juni 2013! Yake inasema asilimia 56 wanakubali, yangu inasema asilimia 53 wanapinga. Nani alidanganya? Tena, kama kweli wengi wanakubali, si ndiyo demokrasia yenyewe? Mdogo wangu anasema asiye na cha kuficha hana cha kuogopa. Lakini mimi humpigia mama kila Jumapili, naye yuko nje ya Marekani, na siku hizi najikuta nachagua maneno. Je, najitia wasiwasi wa bure?"*

Dada, hakuna aliyedanganya. Takwimu zote mbili ni za kweli, zilikusanywa na watu wanaoijua kazi yao, na zilipishana kwa siku chache tu. Kilichotofautiana ni swali. Kwa miaka mingi kazi yangu imekuwa kuandika maswali ya namna hiyo, kwa hiyo nivumilie nikieleza kwa urefu, kwa sababu ndani ya tofauti hiyo ndimo lilimo jibu la maswali yako mengine.

Takwimu ya mdogo wako ni ya Kituo cha Utafiti cha Pew pamoja na gazeti la Washington Post. Yako ni ya Gallup, kampuni nyingine ya kura za maoni. Siku chache kabla ya hapo, Edward Snowden, aliyefanya kazi katika kampuni yenye mkataba na Shirika la Usalama wa Taifa la Marekani, NSA, alikuwa amewapa waandishi wa habari nyaraka za siri. Ya kwanza kuchapishwa ilikuwa amri ya mahakama iliyoitaka kampuni ya Verizon ikabidhi NSA kumbukumbu za simu za wateja wake, kila siku. Pew waliwaambia wahojiwa kwamba NSA imekuwa ikipata amri za siri za mahakama ili kufuatilia kumbukumbu za simu za mamilioni ya Wamarekani katika uchunguzi wa ugaidi, kisha wakauliza: hiyo ni njia inayokubalika ya kuchunguza ugaidi? Gallup nao waliutaja ugaidi, ila mahakama hawakuigusa, wakaongeza mawasiliano ya intaneti, halafu wakauliza kama mtu anauafiki mpango huo au haafiki.

Yasome maswali hayo mawili kwa sauti na utaisikia tofauti. Kitu "kinachokubalika" na kitu "ninachokiafiki" ni vitu viwili. Mtoto hukubali sindano, haiafiki. Halafu katika swali la kwanza yumo hakimu, amekaa kati ya mpelelezi na raia. Katika la pili hayumo.

Watu wengi hudhani mhojiwa ana jibu kichwani, limekaa tayari, na kazi ya mtafiti ni kulitoa. Katika mambo ya kila siku huenda ikawa hivyo. Katika jambo la siri kama hili, ambalo mtu wa kawaida hajawahi kuliona wala kuonyeshwa, jibu hutengenezwa pale pale kwenye simu, kwa vifaa ambavyo swali lenyewe limemwekea mezani. Ukimwekea ugaidi, atapima ugaidi. Ukimwekea "Wamarekani wa kawaida", atajifikiria yeye na watoto wake. Mwezi ule ule wa Juni, shirika la habari la CBS liliuliza kuhusu kukusanya kumbukumbu za simu za Wamarekani wa kawaida, na asilimia 58 wakapinga.

Jambo hili halikuanza na Snowden. Desemba 2005 gazeti la New York Times lilifichua kwamba baada ya mashambulizi ya Septemba 11, 2001, Rais George W. Bush aliiruhusu NSA kunasa mawasiliano ya kimataifa ya watu walio ndani ya Marekani bila kibali cha mahakama. Mwezi uliofuata gazeti hilo pamoja na CBS walifanya jambo la busara: waliuliza swali kwa namna mbili. Walipotaja kwamba lengo ni kupunguza tishio la ugaidi, asilimia 53 walimuunga mkono rais. Walipoliondoa neno ugaidi, waliomuunga mkono walishuka hadi asilimia 46. Nchi ni ile ile na siku ni zile zile. Kifungu kimoja cha maneno kiliwageuza walio wengi wakawa wachache.

Jaribio ninalolithamini zaidi ni la Pew la Julai 2013. Waliwagawa wahojiwa makundi kwa bahati nasibu na kila kundi likasomewa maelezo yake. Kwa kuwa mgawanyo ulikuwa wa kubahatisha, tofauti kubwa ya majibu kati ya makundi haiwezi kusingiziwa watu. Inatoka kwenye maneno. Maelezo yalipotaja kwamba mahakama imeidhinisha, asilimia 37 waliunga mkono. Mahakama ilipoachwa, ni asilimia 25. Ugaidi ulipotajwa, asilimia 35. Ulipoachwa, asilimia 26. Kwa maneno mengine, kumtaja hakimu kulivuta watu wengi, pengine hata kuliko kuutaja ugaidi wenyewe.

Hapa ndipo ninapotaka msimame, wewe na mdogo wako. Nikizisoma kura hizi za miaka mingi pamoja, sioni taifa linalopenda kuchunguzwa, na sioni taifa linaloikatalia serikali isichunguze kabisa. Naona watu wanaouliza swali moja la zamani: nani amemruhusu huyu mpelelezi, na nani anamkagua? Januari 2006 shirika la habari la AP pamoja na kampuni ya utafiti ya Ipsos liliwauliza Wamarekani moja kwa moja kama serikali itakiwe kupata kibali cha mahakama kwanza, hata pale inapomshuku mtu kuwa na uhusiano na magaidi. Asilimia 56 walisema ndiyo.

Ila lazima niwe mkweli kwenu juu ya udhaifu wa maoni hayo, maana kuna takwimu nyingine inayoniumiza kila ninapoiangalia. Pew waligawa majibu kwa vyama. Januari 2006, Bush akiwa Ikulu, asilimia 75 ya wafuasi wa chama cha Republican walisema mpango wa NSA unakubalika, na wa Democratic ni 37 tu. Juni 2013, Barack Obama akiwa Ikulu, wa Republican walishuka hadi 52 na wa Democratic wakapanda hadi 64. Mpango ulioulizwa haukuwa ule ule kabisa, lakini mwelekeo hauna utata: wengi walikuwa wanajibu swali jingine, yaani, je, unamwamini aliyeshika usukani? Marais huondoka, na kumbukumbu zilizokusanywa hubaki kwenye mashine kumsubiri anayekuja.

Sasa nirekebishe mambo mawili matatu yanayopotosha mabishano haya mezani kwa watu wengi.

La kwanza: mpango uliozua zogo la 2013 haukuwa wa kusikiliza kila simu. NSA ilikuwa inakusanya namba iliyopiga, namba iliyopigiwa, saa na muda wa mazungumzo. Maneno yenyewe hayakuwemo. Mdogo wako anaweza kusema, "Si umeona!" Subiri kidogo. Mtu akijua kwamba umempigia daktari wa saratani mara tatu, kisha mama yako, kisha wakili wa mirathi, anahitaji kusikia nini tena?

La pili: kibali cha mahakama hakihitajiki kwa kila kitu, na mipaka yake imekuwa ikisogezwa huku na huku kwa karibu karne moja. Marekebisho ya Nne ya Katiba, yaliyoidhinishwa 1791, yanawalinda watu dhidi ya upekuzi usio na sababu. Hayakuwaza simu. Mwaka 1928, katika kesi ya Olmstead, Mahakama ya Juu ya Marekani ilisema kunasa waya wa simu nje ya nyumba si upekuzi. Mwaka 1967, katika kesi ya Katz, aliyerekodiwa na FBI, idara ya upelelezi ya serikali ya shirikisho, akiwa ndani ya kibanda cha simu cha umma, ikabadili msimamo: mtu aliyefunga mlango wa kibanda ana haki ya kutarajia faragha. Mwaka 1979, kesi ya Smith dhidi ya Maryland, ikasema namba unazopiga umeshaipa kampuni ya simu kwa hiari, hivyo hazina ulinzi huo. Hoja hiyo ndiyo iliyotumika baadaye kuhalalisha ukusanyaji wa NSA. Kisha 2018, kesi ya Carpenter, kwa kura 5 dhidi ya 4, ikaamua kwamba polisi wanaotaka kumbukumbu za mahali simu yako ilipokuwa kwa siku nyingi lazima kwa kawaida wapate kibali. Kwa hiyo anayekwambia "sheria inasema hivi, basi" hajakueleza habari yote.

La tatu linahusu hakimu mwenyewe. Mtu anaposikia "mahakama imeidhinisha", humwona hakimu akisoma jalada la mshukiwa mmoja, akiuliza maswali, akikubali au akikataa. Mahakama inayoshughulikia ujasusi iliundwa kwa sheria ya 1978 inayoitwa FISA, baada ya kamati ya Seneta Frank Church kufichua jinsi vyombo vya usalama vilivyowapeleleza raia kwa miaka mingi. Hukaa kwa siri, na kwa kawaida husikiliza upande wa serikali peke yake, ingawa tangu 2015 inaweza kumwita mtaalamu wa nje katika masuala mapya na mazito. Amri ile ya Verizon ilipita mikononi mwake, na ilihusu mamilioni ya watu kwa mpigo. Huyo ndiye hakimu aliyekuwa ndani ya swali la Pew. Sidhani ndiye waliyemfikiria wahojiwa wote waliosema "inakubalika".

Nije kwenye simu zako za Jumapili, maana hapo ndipo linapokugusa.

Mpango wa kumbukumbu za simu ulivunjwa na Congress, yaani Bunge la Marekani, kwa sheria ya Juni 2015, wiki chache baada ya mahakama ya rufaa ya shirikisho iliyoko New York kusema haukuwa na msingi katika sheria iliyokuwa ikitajwa. Kinachokuhusu wewe ni Kifungu cha 702 cha sheria ya FISA, kilichopitishwa 2008. Hicho kinaruhusu kunasa mawasiliano, na maneno yenyewe yakiwemo, ya mtu asiye Mmarekani aliye nje ya nchi, pale inapodhaniwa ana taarifa za kijasusi. Hakimu hapitishi jina la mlengwa mmoja mmoja. Hupitisha taratibu za jumla kila mwaka. Raia wa Marekani hawezi kulengwa, wala mwenye kibali cha ukaazi wa kudumu. Lakini mgeni anayelengwa akizungumza na raia, mazungumzo yote yanaingia, sauti ya raia ikiwemo. Mama yako hawi mlengwa kwa sababu tu anaishi nje. Lazima pawe na sababu ya kijasusi ya kumtaka yeye au namba yake, na ninaona hilo ni jambo la mbali sana kwa mama anayepigiwa na bintiye Jumapili.

Ubishi mkubwa uko kwenye hatua inayofuata. Mawasiliano yakishaingia kwenye hifadhi, FBI wanaweza kutafuta humo kwa jina la raia, na kwa miaka mingi wamefanya hivyo bila kibali. Kwa mwaka 2021 serikali yenyewe iliripoti hadi utafutaji milioni 3.4 wa aina hiyo. Kwa mwaka 2023, baada ya taratibu kukazwa na namna ya kuhesabu kubadilishwa, iliripoti 57,094. Hukumu ya mahakama ya FISA iliyowekwa wazi Mei 2023 ilionyesha makosa makubwa, yakiwemo majina ya watu 133 waliokamatwa katika maandamano ya baada ya kifo cha George Floyd, Mmarekani Mweusi aliyeuawa na polisi, kutafutwa humo. Aprili 2024 pendekezo la kuwalazimisha FBI wapate kibali kwanza lilifika katika Baraza la Wawakilishi. Kura zilikuwa 212 kwa 212, likaanguka, na kifungu kikaongezewa miaka 2. Januari 2025 ikatangazwa hukumu ya jaji wa shirikisho huko Brooklyn kwamba utafutaji wa namna hiyo, kimsingi, unahitaji kibali.

Kwa haki, lazima niwape pia upande wa serikali, na siusemi kwa kulazimika tu. Bodi huru ya kusimamia faragha na uhuru wa raia, iliyokuwa na wajumbe wa vyama vyote viwili, ilichunguza mipango yote miwili mwaka 2014. Kuhusu kumbukumbu za simu, haikuona hata kesi moja iliyohusu tishio kwa Marekani ambamo mpango ule ulileta tofauti ya maana katika uchunguzi wa ugaidi, na wengi wa wajumbe wakataka usitishwe. Kuhusu Kifungu cha 702, ilisema kimeleta taarifa zenye thamani. Maafisa husema kusubiri kibali kwa kila utafutaji kutawachelewesha saa ambayo dakika zina thamani, na hoja hiyo ina uzito wake. Kwa maoni yangu inajibika kwa kuruhusu dharura na kumweleza hakimu baadaye, jambo ambalo sheria ya FISA tayari inaliruhusu katika unasaji wa kawaida.

Na huyu asiye na cha kuficha? Mwambie mdogo wako habari za Martin Luther King. FBI walinasa simu zake, wakaweka vinasa sauti katika vyumba vya hoteli alimolala, na mwaka 1964 wakamtumia barua isiyo na jina pamoja na kanda, kumtisha na kumvunja moyo. Hakuwa mhalifu. Alikuwa na maisha ya binafsi, kama kila mtu, na walioyasikiliza walikuwa na nia yao. Swali la cha kuficha humtazama anayechunguzwa tu na kumsahau anayechunguza.

Wewe mwenyewe umesema unachagua maneno unapoongea na mama. Usilidharau hilo, na usijione mwoga. Mwaka 2013 Pew waliwauliza watu kama wangekuwa tayari kuzungumzia suala la Snowden na NSA. Asilimia 86 walisema wangezungumza ana kwa ana. Miongoni mwa watumiaji wa Facebook na Twitter, asilimia 42 tu ndio waliokuwa tayari kuandika huko. Watafiti waliona pia kwamba mtu anayehisi wenzake hawakubaliani naye hunyamaza zaidi. Hofu hiyo huwa ya wenzetu, si ya serikali peke yake, lakini matokeo yake ni kwamba maoni ya umma yanayosikika hadharani huwa madogo kuliko yaliyomo mioyoni.

Sasa, je, wengi wakikubali si demokrasia? Maoni ya wengi yana kazi, nayo ni kuwasukuma watunga sheria. Yamewahi kufanya hivyo: walioafiki ukusanyaji wa NSA walikuwa asilimia 50 Julai 2013, wakabaki 40 Januari 2014, na mwaka uliofuata sheria ikabadilika. Lakini Marekebisho ya Nne hayakuandikwa yategemee kura. Yaliandikwa kumlinda hata yule ambaye jirani zake wote wamekubali apekuliwe. Na umeshaona jinsi "wengi" hao wanavyoweza kuhama kwa neno moja la kwenye hojaji. Mkikutana tena na kura ya maoni, tafuteni maandishi kamili ya swali kabla ya kutazama asilimia. Angalieni kama mahakama imetajwa, kama ugaidi umetajwa, anazungumziwa mshukiwa au kila mtu. Ukikosa maandishi hayo, iache takwimu hiyo.

Kwa simu zako, programu zinazofunga mazungumzo kwa msimbo kutoka simu hadi simu zitayalinda maneno njiani. Hazitaficha kwamba umempigia nani na lini. Kama ungependa kibali kiwe lazima, mpigie mbunge wako wa Congress, hasa kila muda wa Kifungu cha 702 unapokaribia kuisha. Kura 212 kwa 212 ina maana sauti chache zilikuwa na uzito mkubwa. Sasa wewe ni raia, na ulinzi wa Katiba unaokufunika ni ule ule wa aliyezaliwa humo. Endelea kuongea na mama kama ulivyozoea.

Yapo mambo ambayo maandishi yangu hayatoshi, na hapo utafute wakili ana kwa ana. Maafisa wa shirikisho wakibisha hodi kutaka "mazungumzo mafupi", una haki ya kusema utazungumza ukiwa na wakili, kisha unyamaze. Usijaribu kupunguza jambo kwa uongo mdogo, kwani kumdanganya afisa wa shirikisho ni kosa la jinai hata kama hujaapa. Mtafute wakili pia ukipokea barua inayosema ushahidi uliopatikana kwa FISA utatumika dhidi yako, au ikiwa kuna ndugu ambaye maombi yake ya uhamiaji bado yanashughulikiwa naye ameitwa ahojiwe. Simu ikichukuliwa mpakani, jua kwamba sheria ya huko inawapa maafisa nafasi kubwa kuliko mjini, na muulize wakili kabla ya safari nyingine. Na kama wasiwasi umeanza kukunyima usingizi, mwone mshauri nasaha, hata kama hakuna aliyekugongea mlango. Ukienda kwa wakili, chukua majina ya maafisa, tarehe, saa na maneno waliyoyasema, uwe umeyaandika siku ile ile.